Nyumba ya Mpishi

Katika shamba lile, kaburi la kwanza kujengewa saruji ni la mbwa. Liko mbele ya jumba kubwa, chini ya ngazi za veranda, na limejengwa vizuri kuliko makaburi mengi ya watu niliyoyaona kati ya Nachingwea na Ruangwa. Mbwa mwenyewe hakuwa na sifa. Aliwauma vibarua kadiri alivyopenda, kisha akaumwa na nyoka, habari ambayo vibarua waliipokea kwa utulivu mkubwa. Bwana aliwapanga mstari, kofia mikononi, mbwa akashushwa.

Haya nimeyapata kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Alizaliwa nyuma ya jumba hilo, katika nyumba ya mpishi, maana mpishi alikuwa baba yake, babu yangu mimi. Mama yangu pia alizaliwa hapo, lakini yeye aliolewa Dar es Salaam akaondoka, nami nikazaliwa mbali na mkonge wowote. Nimesoma historia chuo kikuu. Ninaandika makala magazetini, na naamini wauza maandazi ndio watumiaji wakubwa wa kazi zangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema nitaandika historia ya shamba lile. Nilisema harusini, nilisema misibani, mpaka ndugu zangu wakaacha kuniuliza imefikia wapi. Sasa ninaiandika, na mtaona kwamba nimechelewa.

Bwana wa kwanza alikuwa Mzungu aliyekuja wakati wa ule mpango mkubwa wa karanga wa Nachingwea, ule uliong'oa msitu na kuvuna hasara. Wenzake walipofungasha, yeye alibaki. Alichukua ardhi upande wa Nkowe, akapanda mkonge, akajenga jumba la matofali ya kuchoma juu ya kilima. Sebuleni alijenga meko ya ukutani ya kuotea moto, na bomba la moshi likatokeza juu ya bati. Anayejua joto la Ruangwa mwezi wa Desemba ataelewa kwa nini mafundi walidhani ni mahali pa kuchomea takataka. Kila Krismasi babu yangu aliamriwa kuwasha moto humo. Bwana na wageni wake walikaa mbele yake wakitokwa na jasho, wakinywa na kuimba za kwao, na babu akasimama nyuma yao katika kanzu nyeupe akiongeza kuni.

Babu alijifunza kuoka mkate jikoni kwa mapadri, na ndiyo sababu aliajiriwa. Siku moja mkate uliungua. Bwana hakupiga kelele. Alimwita veranda, mbele ya wageni, akamwambia aule wote, amesimama, bila maji. Babu aliula. Mama mkubwa alikuwa msichana mdogo, akichungulia kwenye upenyo wa mlango, na kila aliponisimulia alionyesha jinsi babu alivyotafuna, taya likizunguka kama la mbuzi, na hapo alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kwetu mambo mabaya husimuliwa hivyo. Nikiwa mwanafunzi niliandika insha ndefu kuhusu tabia hiyo na nikapata alama nzuri. Sikumbuki nilisema nini.

Masika yale yale alipokufa mbwa, alikufa pia mdogo wa kiume wa mama mkubwa, mtoto ambaye alikuwa hajaanza kutembea vizuri. Babu aliomba ruhusa ya kwenda kumzika. Alipewa, baada ya vyombo vya mchana kuoshwa. Makaburi ya misheni yalikuwa mbali na njia ilikuwa tope, kwa hiyo wakamzika nyuma ya nyumba ya mpishi, na bibi akapanda korosho upande wa kichwa ili pasipotee. Saruji ilikuwa imeishia kwa mbwa.

Baadaye babu na bibi wenyewe walizikwa hapo hapo. Mkorosho ule ulikua ukafunika wote watatu. Mama mkubwa alifagia chini yake kila msimu kabla korosho hazijaanza kudondoka, na kila msimu alisema maneno yale yale.

"Mimi mtanilaza hapa, kwa mdogo wangu. Msinipeleke kwingine."

Hakutaka kingine. Jumba hakulitaka, wala mkonge, wala ardhi. Alitaka akae katika nyumba aliyozaliwa mpaka afe, kisha asogezwe kidogo tu, mpaka chini ya mkorosho.

Bwana wa pili alikuwa Mgiriki, aliyenunua shamba wakati Mzungu wa kwanza alipoona bendera inabadilika. Huyu alikuwa afadhali. Alitukana tu. Aling'oa mkonge nusu akapanda mikorosho, na alipopata habari kwamba mashamba makubwa yanataifishwa, alimwita babu akamwambia kwamba kwa utumishi wake wote anampa zawadi jiko la chuma, lile kubwa la kuni lenye tanuri, alilopikia tangu enzi za bwana wa kwanza. Kisha akaagiza saruji, akaimwaga kisimani, akapanda gari akaenda zake. Mpaka leo watu wa pale huteka maji bondeni.

Babu na wanaume wengine walilikokota jiko kutoka jikoni mpaka nje. Hapo akafika meneja, maana sasa shamba lilikuwa la umma, akauliza jiko linakwenda wapi. Akaambiwa ni zawadi. Akasema Mgiriki hawezi kutoa zawadi kitu ambacho si chake tena, jiko ni mali ya umma, lirudishwe. Wanaume wakasema wamechoka. Likabaki lilipokuwa, katikati ya jikoni na nyumba ya mpishi, wala si la umma wala si la babu, likaota kutu. Kuku wa mama mkubwa walitagia ndani ya tanuri kwa miaka yote niliyokuwa nikienda kule likizo. Nimekula mayai mengi yaliyotoka humo.

Mameneja walikuja na kuondoka. Jumba likawa stoo ya salfa, ile ya unga ya kupulizia mikorosho, na kuta zikawa njano mpaka darini. Babu alikufa. Mwisho shamba lilikosa hata meneja. Yule wa mwisho alifunga mlango, akampa mama mkubwa funguo, akamwambia, "Angalia angalia hapa mpaka nirudi." Hakurudi. Mama mkubwa akaangalia. Alifagia veranda ya jumba ambalo hakuna aliyelala ndani. Alifukuza popo. Alizuia watu kung'oa mabati, na kwa hilo alipata maadui. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini samaki wanaoga.

"Nimeachiwa," alisema.

Ukiniuliza mimi mwanahistoria, nani amelimiliki jumba lile kwa muda mrefu kuliko wote, nitakujibu ni yeye. Hakuna aliyeniuliza.

Bwana wa sasa alikuja nikiwepo. Nilikuwa nimeshuka basi Nachingwea, nikapanda bodaboda mpaka shambani, na nilikuwa bado najikung'uta vumbi jekundu pale pickup nyeupe ilipopanda kilima. Akashuka mtu mnene, mchangamfu, mstaafu wa serikali, ameshika bahasha ya hati chini ya kwapa. Nyuma yake walikuja mjumbe, katekista na majirani wachache waliofuata gari kuona kuna nini. Kwa lafudhi tu, kabla hajafika kivulini, mama mkubwa alikwisha jua kwamba ni Mngoni.

Hapa niseme neno kwa wasomaji ambao hawakulelewa katika mambo haya. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani. Babu zao walishuka kutoka Songea wakatuwinda, wakachoma vijiji, wakachukua wanawake na watoto. Damu ilipokauka, ukabaki utani. Mngoni akikutana na Mmwera humwita mtumwa wake, na Mmwera humrudishia tusi kubwa zaidi, na yeyote kati yao anaweza kuchukua kitu cha mwenzake mbele ya macho yake. Kukasirika ni mwiko. Mtu anayemkasirikia mtani ameonyesha kwamba hakulelewa. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchimba, kubeba na kuwachekesha wafiwa.

"Nani kawaruhusu Wamwera kukaa kwenye nyumba yangu?" alisema yule mtu hata kabla ya salamu.

Mama mkubwa hakuinuka kwenye kigoda. Alikuwa anabangua korosho na vidole vyake vilikuwa vyeusi. Niliona uso wake unafunguka. Mtani mgeni ni neema, hasa pale, ambapo majirani wote walikuwa wameshamaliza matusi yao.

"Na wewe Mngoni umetokea wapi? Mara ya mwisho tuliwaona migongo."

"Tulikimbia na bibi zenu. Walikuwa wazito, ndiyo maana tulichelewa."

"Kumbe. Nikasema huyu sura yake imenyooka kidogo, kaitoa wapi."

Watu walicheka. Katekista alicheka. Mimi nilicheka na kujisikia nimerudi nyumbani, hisia ambayo huja kwa urahisi kwa mtu mwenye tiketi ya kurudi.

"Sasa sikia, mtumwa wangu," alisema yule mtu, akaigonga bahasha. "Mimi ndiye mwenye shamba. Karatasi hizi hapa. Jumba langu, na hiki kibanda cha nyuma ninakichukua. Toa makorokoro yako nje."

"Chukua," alisema mama mkubwa. "Chukua nyumba, chukua sufuria. Nichukue na mimi, ila ujue utanipikia. Na nikifa utanizika mwenyewe kwa mikono yako hiyo laini, pale kwa mdogo wangu. Usilete kibarua."

"Nitakuzika kesho, kama una haraka."

"Kesho nina kazi."

Yule mtu akaenda mpaka kwenye jiko la kutu, akainama, akaingiza mkono katika tanuri, akatoa kuku aliyekuwa ameatamia. Kuku alipiga kelele, mayai mawili yakaanguka. Watu walishika mbavu. Akamtia kuku kwenye pickup, akapiga honi, akashuka kilima. Jioni ile mama mkubwa aliniambia kwamba safari hii shamba limepata mwenyewe anayefahamu watu.

Mafundi walikuja kukarabati jumba. Mwenyewe alitaka liwe nyumba ya kulala wageni, hasa wale wanaokuja Ruangwa kwa ajili ya kinywe na madini mengine, watu wanaopenda kuambiwa kwamba nyumba ni ya zamani. Alipojua kazi yangu aliniomba nimwandikie historia fupi ya jumba, ya kutundika sebuleni juu ya meko. Nilikataa kwa maneno ambayo yangeweza pia kuwa ya kukubali. Kila alipopita nyuma ya jumba alimwambia mama mkubwa, "Bado upo, mtumwa? Kabla ya mvua nataka hapa peupe." Naye alijibu, "Anza kufagia basi, Mngoni." Mjumbe alipotumwa kumwambia rasmi kwamba nyumba ya mpishi inavunjwa ili pawe mahali pa kuegesha magari, mama mkubwa alimkaribisha uji, akamtuma kwa Mngoni amwambie kwamba yeye naye amepanga kuvunja jumba ili apande mihogo. Mjumbe alicheka, akaupeleka ujumbe. Mngoni naye alicheka sana. Alimpigia simu kijana wake wa ujenzi huku bado anacheka.

Binti yake mama mkubwa, anayeishi Nanganga, ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, akimtania fundi aliyekuwa ameshapanda juu ya paa la nyumba ya mpishi.

"Mwanangu, shuka, utavunjika mguu, na Mngoni wako hana hata panadoli," alikuwa akimwambia.

Fundi alicheka kwa adabu, akang'oa msumari. Bati la kwanza lilipoanguka, mama mkubwa alikuwa bado anacheka. La pili lilipoanguka alinyamaza. Binti anasema aliinuka, akaingia ndani, ambamo sasa mlikuwa na jua, akaanza kukunja mkeka.

Shauri likapelekwa barazani. Nilisafiri kutoka Dar kwa ajili hiyo, nimevaa shati lililopigwa pasi, na njia nzima nilikuwa nikipanga hoja. Kisheria jambo lilisimama hivi: mtu mwenye hati alikuwa amenunua, lakini mama mkubwa alikuwa ameishi pale tangu kuzaliwa, ana mikorosho aliyoipanda na makaburi, na asingeweza kutolewa hivi hivi bila ridhaa yake. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea kama aliridhia. Alikaa kwenye benchi la mbele, ameshika rozari, amejifunga kanga mpya.

Mwenye shamba alisimama, hana bahasha safari hii. Alisema kwa upole kwamba siku ya kwanza alipofika alimwambia bibi huyu anaichukua nyumba, na bibi akasema chukua. Mashahidi wapo. Na bibi akampa kuku, kama ishara ya makabidhiano.

"Alimpa kuku?" mwenyekiti aliuliza.

"Kuku alichukuliwa," alisema katekista. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na siku ile nilitamani angekuwa.

"Bibi alizuia?"

"Hakuzuia."

"Alisema chukua?"

"Alisema."

"Akiwa analia, au vipi?"

"Akiwa anacheka."

Nikainua mkono. Nilieleza utani. Nilianzia vita, nikapitia misafara ya pembe, nikafika kwenye ndoa na mazishi. Nilitumia neno "muktadha". Nadhani nililitumia zaidi ya mara moja. Wazee wa baraza walinisikiliza kama watu wanaosikiliza tangazo la dawa ya mbu, na nilipotulia kuvuta pumzi mwenyekiti alisema, "Mwalimu, tunashukuru. Utani sisi tumezaliwa nao. Kaa." Nyuma ya chumba mtu aliguna, na nikakaa.

Kisha mwenyekiti akamgeukia mama mkubwa. Nadhani alitaka kumsaidia. Alikuwa ameona mlango na alimwonyesha aupitie.

"Bibi, huyu bwana ni mtani wako, au ni mtu tu aliyekuja kukuonea? Sema unavyoona wewe. Kama si mtani, basi alikuvamia, akakuibia kuku."

Ilikuwa wazi hata kwangu. Angesema tu, huyu simjui, si mtani wangu, alinitisha, nikasema chukua kwa woga. Binti yake alimgusa bega. Mama mkubwa alimtazama Mngoni kwa muda mrefu. Naye Mngoni aliangalia viatu vyake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na tabasamu.

"Ni mtani wangu," alisema.

"Alipochukua kuku ulikasirika?"

"Mtani hakasirikiwi."

"Kwa hiyo ulitoa kwa moyo mweupe."

Alizungusha punje za rozari vidoleni. Akisema alikasirika, amekana alivyolelewa na baba yake na bibi zake wote. Akisema hakukasirika, nyumba imekwenda. Wengine tungekana bila kupepesa jicho. Mimi ningekana hata ukoo.

"Moyo wangu ulikuwa mweupe," alisema mwisho. "Wa kwake sijui."

Baraza liliamua kwamba nyumba ilitolewa kwa hiari. Makaburi yaheshimiwe. Mama mkubwa akahamia Nanganga kwa binti yake, katika chumba walichokuwa wakiweka ufuta na baiskeli. Baiskeli ilibaki humo, maana hapakuwa na mahali pengine. Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa ameanza kuchanganya watu. Alinipa sahani ya mihogo akaniambia nile haraka kabla bwana hajaamka, na nisiseme kama imeungua. Nilipoondoka alinishika mkono akawa yeye mwenyewe tena.

"Siku yangu ikifika, mtani aambiwe," alisema. "Alisikia nilivyosema. Watu wote walisikia."

"Mama, yule mtu amekufukuza."

"Nyumba amechukua. Kunizika hajanizika. Bado ana deni la mtani."

Alikufa msimu wa korosho, wakati ambapo hakuna mtu mwenye nafasi. Binti yake alituma ujumbe shambani, nami nilimwambia asijisumbue, yule bwana hatakuja. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimekwisha andaa kichwani mazungumzo ya hasira ambayo ningefanya naye kwa simu.

Alikuja mwenyewe Nanganga, kwa pickup ile ile, amevaa buti za mpira, jembe na sururu nyuma. Alilia mlangoni, kilio cha kweli, nilimwona kamasi. Kisha akaingia ndani akawaambia wanawake, "Nimekuja kumfuata mtumwa wangu aliyetoroka." Na wanawake waliokuwa wamekaa mkekani tangu asubuhi, wamevimba macho, walipasuka kwa kicheko. Akabeba jeneza upande wa mbele. Njia nzima mpaka upande wa Nkowe aliendesha polepole, akisimama kila panapokuwa na watu kuwatangazia kwamba amepata mzigo wake.

Nyumba ya mpishi haikuwepo. Palikuwa na kokoto, na mstari wa matofali yaliyopakwa chokaa kuonyesha magari yasimame wapi. Mkorosho alikuwa ameuacha kwa ajili ya kivuli. Hapo chini yake, kati ya bibi na yule mtoto, alivua shati akachimba. Alichimba yeye. Vijana walipotaka kumpokea sururu aliwafukuza: "Alisema kwa mikono yangu. Mnataka anisumbue usiku?" Viganja vyake vilipasuka, na aliwaonyesha watu malengelenge kama mtoto anavyoonyesha jino lililong'oka. Shimo lilipokamilika aliingia ndani, akalala chali, mikono kifuani, akafumba macho.

"Pazuri," alisema kutoka chini. "Mmwera hastahili. Nalala mimi. Nyie mtafutieni pengine."

"Toka, Mngoni, jua linazama."

"Sitoki bila kuku."

Binti wa mama mkubwa alikwenda kutafuta kuku kwa jirani. Alirudi naye, akamrusha shimoni, kuku akamkanyaga usoni, na watu wote pale, katekista, mjumbe, wanawake, wale wazee wa baraza waliokuja kuzika, walicheka mpaka wakashikana mabega. Sijawahi kuona msiba uliochekwa namna ile. Nami nilicheka. Nilijaribu kuacha, nikashindwa, nikageukia mkorosho ili nisionekane, na mabega yangu yakanisaliti.

Akatoka. Tukamshusha mama mkubwa. Watu walipotawanyika walikuwa wakisema kwamba yule bwana ana utu, siku hizi huwapati watani wa namna ile.

Nilirudi mwaka uliofuata, nikalala kwenye jumba kama mgeni wa kawaida. Kuta zimepakwa rangi nyeupe, lakini salfa inapenya, na asubuhi unaona njano imerudi kwenye pembe za dari. Jiko la chuma limesuguliwa, limepakwa rangi nyeusi, na limewekwa mapokezi likiwa na maua ndani ya tanuri. Kaburi la mama mkubwa limejengewa saruji. Fundi ni yule yule aliyelitengeneza la mbwa lilipopasuka, na alitumia fremu moja, kwa hiyo yamelingana urefu na upana. Wageni huyapiga picha yote mawili. Niliwasikia wawili wakibishana lipi ni la mbwa.

Mwenyewe alinikuta veranda ninakunywa chai. Alikaa, akauliza historia yake ya kutundika imefikia wapi. Nikasema inakuja. Akasema niweke na habari ya mpishi na binti yake, wageni wanapenda mambo hayo, niandike kwamba walikuwa watumishi waaminifu wa nyumba hii. Kisha akanieleza kwamba msimu huu mkorosho utakatwa, maana majani na mabibo yanaharibu rangi za magari.

"Na makaburi?"

"Makaburi hayana shida. Tutayazungushia mnyororo. Karibu nyumbani, mtumwa wangu, mbona umenuna?"

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyabeba tangu siku ya baraza, mengine kwa Kiingereza. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye ile veranda palipoliwa mkate ulioungua, na aliyeniita alikuwa mtani, na kulikuwa na namna moja tu ya kumjibu.

"Sijanuna, Mngoni," nilisema. "Naangalia tu pa kukuzika. Mbele hapo, karibu na mbwa, panakutosha. Nitachimba mwenyewe, na safari hii sitakuwa na haraka ya kukuona unatoka."

Alicheka mpaka chai ikammwagikia suruali. Alinipiga mgongoni, akasema damu ya mama mkubwa haijapotea, akaagiza nichinjiwe kuku. Nilisubiri amalize kucheka. Kuku alipoletwa nilimla wote, peke yangu, nikiangalia pale chini ya ngazi, kwa mbwa.